Matairi ya Theluji Niliyomnunulia Dereva

Niliwahi kununua matairi ya theluji mjini Jeddah. Sikuyanunua kwa kulewa, maana huku hakuna pa kulewea, wala kwa kudanganywa, maana muuzaji mwenyewe aliniuliza na kurudia kuniuliza kama nina hakika. Niliyanunua kwa akili zangu timamu za kidato cha nne. Ubavuni mwa tairi palikuwa na picha ndogo ya mlima, ndani ya mlima kuna kitu kama ua, na muuzaji alipojikumbatia na kutetemeka kunionyesha kwamba lile ua ni theluji, nikasema moyoni: hili ndilo. Katika mji ambao ukiacha kandambili nje adhuhuri unazikuta zimejikunja kama samaki wa kukaanga, nani hataki tairi la baridi? Nilidhani ni kama friji. Nilidhani linajipoza lenyewe njiani.

Aliyenituma alikuwa Dereva. Jina analo, na wazazi anao au alikuwa nao, lakini hayo si yangu kuyaanika. Katika nyumba ile wote walimwita Dereva, kuanzia baba mwenye nyumba hadi mtoto wa mwisho aliyejifunza kulitamka neno hilo kabla ya jina lake mwenyewe. Mimi niliyelala naye chumba kimoja nyuma ya jiko nilimwita mzee. Yeye aliniita Askari, kwa sababu ndiyo kazi yangu, iliyoandikwa hata kwenye ikama, kile kibali changu cha kukaa huku: nalinda geti. Kazi hiyo niliichagua kwa makusudi. Mimi ni mtu wa ndani. Nilivuka bahari nzima ili nije nikae kwenye kiti cha plastiki, na mpaka leo ukiniuliza Jeddah ikoje nitakueleza geti.

Huku mfanyakazi hachagui mengi. Kafili, yule tajiri anayekudhamini, hamchagui, saa ya kuamka haichagui, chakula ni kile kilichobaki, likizo ni pale madam atakaposema. Dereva alikuwa na kitu kimoja tu alichochagua yeye mwenyewe, nacho ni matairi. Baba alikuwa na biashara Jeddah na nyumba ya mama yake Riyadh, na barabara kati ya miji hiyo miwili ni siku nzima ya lami kavu na mchanga. Familia yote ilikuwa inalala usingizi kwenye viti vya nyuma huku mzee ameshika usukani. Kwa hiyo baba alimwachia. Gari likihitaji matairi, Dereva ndiye aliyeamua ni yapi, na hata mtoto mkubwa wa kiume, ambaye alikuwa na maoni juu ya kila kitu chenye injini, alinyamaza. Mzee alikuwa akisema, "Ukiniona nimekaa kwenye kile kiti, jua matairi nimeyachagua mimi. Siku nitakayochaguliwa matairi, na kiti nitakuwa nimeondolewa." Tulicheka. Alikuwa na misemo mingi, na mtu mwenye misemo mingi hasikilizwi sana.

Namna alivyolikagua tairi, ungedhani anaposa. Alichuchumaa mbele yake, akalisalimia kwa kiganja, akalipapasa mbavuni. Akabonyeza ukucha wa gumba kwenye mpira aone unavyorudi. Akalinusa. Akaligonga kwa kifundo cha kidole na kuinamisha kichwa, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani mgonjwa. Mwisho kabisa aliita, "Askari, njoo usome." Nami nikainuka kwenye kiti changu nikilalamika, nikainama kusoma zile tarakimu nne za ubavuni zinazosema wiki na mwaka tairi lilipotengenezwa, kisha herufi ya mwendo, kisha herufi ya kuvumilia joto. Nikimaliza, alisema, "Kumbe serikali haikupoteza chaki bure." Nilidhani ananitania kwa ajili ya shule. Nami nikamtania kwamba mtu mzima anayejua matairi yote ya Uarabuni hawezi kushindwa na tarakimu nne. Akanijibu kwamba mkubwa haoshi vyombo.

Tarakimu hizo alizitilia maanani mno. Tairi, alisema, linazeeka hata likiwa limelala. Ukiliweka dukani nje, kwenye jua la Jeddah, linaonekana jipya, jeusi, linang'aa, na ndani limeshakuwa ajuza. "Kama wewe getini," aliongeza. Nilimuuliza kama mimi ni wa wiki gani ya mwaka gani. Akasema yangu imefutika.

Lakini kipimo chake kikuu kilikuwa sauti. Matairi mapya yakishafungwa, alizima redio, akapandisha vioo, akalipeleka gari barabara ya kule Ruwais, karibu na bahari. Pale alilielemeza gari upande wa kulia kwa makusudi mpaka magurudumu yapite juu ya yale matuta madogo ya ukingoni yanayotetemesha gari ukianza kutoka barabarani. Kisha akapita juu ya vile vijiwe vya kung'aa vinavyogawa njia. Alirudi na hukumu. Ama "yanasema," ama "ni bubu." Matairi bubu aliyarudisha siku hiyo hiyo. Muuzaji wake wa Kandara, mtaa wa humu humu Jeddah, Myemeni mmoja mpole, alimvumilia kwa sababu mzee hakuwahi kuingia dukani kwake bila kumuulizia mke, watoto, mama, na ng'ombe. Sijui kama ng'ombe walikuwapo. Nilimuuliza mzee siku moja kwa nini anataka kelele wakati watu wote wanataka gari la kimya. Akasema gari la kimya ni kama mke aliyekasirika: uko salama mpaka dakika ile ambayo hauko salama.

Usidhani alikuwa mtu wa kufuata anachosema. Huyu aliyewarudishia watu matairi kwa sababu ya herufi moja, miguuni alivaa akala, vile viatu vya kukatwa kwenye tairi bovu la lori, alivyotoka navyo Kenya. Vilikuwa vimelika upande. Nilimwambia tairi la namna hiyo yeye angelitupa. Akasema miguu yake haiendi kasi. Alihubiri mwendo wa pole na hakuwahi kulipita lori kabla ya kulifikiria, lakini jioni alilala chali kitandani akiangalia kwenye simu vijana wa Kisaudia wanavyozungusha magari kwa matairi ya nyuma mpaka moshi, na uso wake ulikuwa wa mtoto aliyepewa peremende. Aliishika simu karibu sana na pua. Nikamwambia ataimeza. Alikuwa Mkristo wa kuimba, na kwa kuwa huku si mahali pa kupaza sauti, aliimba ndani ya gari tupu akiwa amepandisha vioo vyote. Mimi nikiwa getini niliona mdomo ukienda na sikusikia kitu. Nyumbani alipiga simu kila Ijumaa na kuongea na mkewe maneno machache kama mtu anayelipia kwa neno, kisha akakata simu na kunieleza mimi juu ya matairi mpaka nikasinzia.

Na mambo mengine alikuwa hayajui kabisa, ila aliyasema kwa uso ule ule. Theluji, kwa mfano. Hajawahi kuiona. Mlima wetu wenye theluji aliuona kwa mbali tu, kwa dirisha la basi. Lakini aliamini kwamba theluji ina chumvi ndani yake na ndiyo sababu inateleza.

Jirani yetu alikuwa anamtesa sana kwa elimu hiyo. Huyu ni dada wa Kisauni, Mombasa, mpishi wa jumba la upande wa pili, na kati yetu palikuwa na ukuta mfupi ambao alizoea kuegemea viwiko akipumzika na jiko. Mdomo wake haukuwa na breki. Siku mzee alipomfafanulia matairi ya misimu yote, nilikuwa nimekaa pale pale. Alimwambia yako matairi ya joto tupu, yako ya theluji tupu, na yako ya katikati. Na hata hayo ya katikati yana yale ya uvivu na yale ya mwendo, ya kukimbia kwenye lami kavu na kushika kona, na bado yakikutana na theluji kidogo yasipigwe na bumbuwazi. Hayo ndiyo anayoyataka yeye.

"Tairi la misimu yote ni kama sisi," alisema. "Unapika, unafua, unalea, unakanda mguu wa bibi. Hakuna hata kimoja unachokifanya kumshinda fundi wa kazi hiyo. Lakini uondolewe siku moja, uone nyumba."

"Mimi kupika nawashinda mafundi wote," alisema dada wa Kisauni. "Na wewe mzee, jana ulilisalimia buibui langu."

Tuliangua kicheko. Ilikuwa kweli. Alikuwa amelianika buibui ukutani, mzee akapita na ndoo ya kuoshea gari, akasimama akalipa salamu zake za asubuhi, akaliulizia na usingizi. Mzee naye alicheka. Alisema buibui lina adabu kuliko mwenyewe, halikumkata kauli.

Sasa nirudi kwenye matairi yangu. Mwaka huo theluji ilianguka kaskazini, upande wa Tabuk, kama inavyoanguka mara moja moja, na watoto wa baba wakaona kwenye simu zao ngamia amesimama kwenye weupe. Hakukulalika tena. Baba akaamua: likizo ya shule wataondoka Jeddah, wapitie Riyadh wamchukue bibi, kisha waende juu kuiona. Mzee alikuwa Riyadh siku hizo na gari dogo, akimpeleka bibi hospitali. Gari kubwa la familia lilikuwa Jeddah na matairi yake yalikuwa yamekwisha. Baba alitaka yafungwe kabla mzee hajarudi. Mzee akanipigia.

Alinieleza kwa kirefu. Misimu yote. Ya mwendo. Herufi ya joto iwe ya kwanza, maana hata kama mnaenda kwenye theluji, theluji ni ya saa mbili na lami ni ya siku tatu. Mbele ya duka nimpigie nimsomee. Nikasema yalla, mzee, lala usingizi. Nilifika Kandara nikiwa tayari nimeshachoka, kwa sababu kutoka geti mpaka stendi kwangu ni safari. Palikuwa na watu, palikuwa na jua, simu ikawa haishiki, na mimi nikataka kurudi kwenye kiti changu. Myemeni hakuwapo, alikuwapo shemeji yake. Akanionyesha hili, akanionyesha lile, mwisho akatoa ndani kabisa matairi manne yaliyoagizwa na mtu fulani aliyepanga safari ya milimani na asirudi kuyachukua. Yana mlima. Yana ua. Mengine mmeshayasikia.

Mzee aliporudi hakunigombeza, na ndipo nilipoogopa. Alichuchumaa, akabonyeza gumba. Mpira uliingia kama unga wa chapati. Akasema taratibu, "Askari, haya ni ya nchi ambayo mtu akitema mate yanaanguka yakiwa jiwe." Nikamwambia tuyarudishe. Duka lilikuwa limefungwa kwa ajili ya msiba, na baba alikuwa ameshapanga kuondoka alfajiri. Mzee akaenda kwa baba kuomba siku moja. Niliwasikia kutoka getini. Baba hakupaza sauti. Alisema watoto wameshafunga mizigo. Mtoto mkubwa akatoka nje na tochi ya simu, akamulika ule mlima, akaita kwa furaha, maana kwa macho yake ndiyo hasa: tunaenda kwenye theluji, tumepata matairi ya theluji, mlinzi kafanya vizuri. Baba akanipiga begani. Ni mara ya pekee bega langu limewahi kupigwa katika nyumba ile kwa sifa.

Yaliyotokea njiani niliyasikia baadaye kwa kila aliyekuwamo, kila mmoja na lake, lakini msingi ni mmoja. Walitoka Jeddah mzee akiwa amenyamaza. Gari lilikuwa linanguruma mfululizo, sauti moja tu kama mashine ya kusaga, kwa sababu matairi yale yana meno makubwa na laini. Yalipoanza kupata moto likawa kama linakanyaga godoro. Mzee alipunguza mwendo, akapunguza tena. Malori yaliwapita. Mtoto mkubwa akalalamika. Jua lilipoanza kushuka, kabla ya kufika Riyadh, mzee akasimama kabisa kando ya barabara, akashuka, akasimama ameshika kitasa cha mlango. Madam alidhani anaumwa. Akapanda tena, wakafika Riyadh usiku mkubwa, watoto wamenuna.

Asubuhi, mbele ya bibi na kila mtu, mzee akasema kwenda Tabuk kwa matairi yale haendi. Ama yabadilishwe, ama atafutwe dereva mwingine. Baba akamuuliza kwa upole kama ameelewa kwamba wanaenda kwenye theluji na kwamba hayo ni matairi ya theluji. Mzee akasema ameelewa. Baba akauliza tena. Mzee akasema, "Mafi, hakuna. Kwa matairi haya, watoto siwabebi." Mbele ya mama yake baba. Kwa Kiarabu chake kile kibovu ambacho hakina neno la kupunguza ukali.

Basi mtoto mkubwa akaendesha, wakisaidiana na baba. Wakafika. Hilo ndilo linaloniuma hata kucheka siwezi. Matairi yangu ya kijinga yaliwafikisha, maana kule juu kulikuwa na baridi yakapata nchi yao. Madam akanitumia picha: watoto wamesimama kwenye weupe wakirushiana mabonge, na nyuma yao gari, na kwenye gari yale matairi, yameshika ardhi kama yamezaliwa hapo. Walirudi wote wazima. Mzee alikuwa amesharudishwa Jeddah kwa basi.

Tangu hapo akaanza kuisha. Hakufukuzwa siku moja. Kwanza mtoto mkubwa alichagua matairi mengine, membamba ubavu kama mkanda wa suruali, mazuri kwa macho, na hakuna aliyemuuliza mzee. Kisha akaletwa dereva kijana wa kutoka nchi nyingine. Mzee akabakiwa na kuosha magari, kubeba mitungi ya gesi, kumwagilia mitende. Nilikuwa namwona akipita mbele ya gari kubwa, anasimama, anaweka mkono juu ya tairi, kisha anaondoka. Misemo ilikwisha. Alinyamaza hata chumbani. Na mimi, badala ya kusema neno la maana, nilikuwa natania. Nilimwambia sasa amekuwa mtu wa ndani kama mimi, karibu chamani. Alitabasamu ukutani, sio kwangu.

Niliamini nimemtoa mimi. Yeye mwenyewe alikuwa ameshasema: siku nitakayochaguliwa matairi. Nani alimchagulia? Nilipanga kila jioni nimwombe radhi, na kila jioni nikaona kesho ni jioni nzuri zaidi. Kisha baba akasema halas, imetosha, mzee apewe huruj, ile karatasi ya kutoka moja kwa moja, arudi kwao kwa heshima. Wakati karatasi inashughulikiwa akahamia Kandara kwa watu wa kwao, maana kitanda chake alikihitaji yule kijana.

Dada wa Kisauni ndiye aliyenisukuma kwenda kumwona. Alinipa chombo cha mahamri na mbaazi kupitia ukutani, akaniambia nikichelewa yakapoa asisikie sauti yangu tena. Nilienda Ijumaa mchana. Mzee alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba ya kupanga, miguu ndani ya akala, magari yakipita mbele yake karibu kumkanyaga. Nilisimama mbele yake. Hakunitazama. Nikasema shikamoo, na hapo uso wote ukafunguka.

"Marahaba, Askari! Umetoka nje? Nani amekufa?"

Nilikaa. Tulikula. Alilipapasa hamri kabla ya kulichukua, nikadhani ni mazoea yake ya kukagua. Gari lilipita, akasema la mbele kushoto limelika upande. Likapita jingine, akasema la hilo ni jipya, bado lina zile nywele za mpira za kiwandani. Nikaona huu ndio wakati. Nikamwambia, mzee, nimekuja kwa ajili ya yale matairi. Nilikuharibia. Ungekuwa bado kwenye kiti chako.

Alitafuna mpaka akamaliza. Akasema, "Matairi yako yalikuwa mabaya. Lakini nilijua yatafika."

"Sasa mbona ulikataa?"

"Ulitaka niseme nini mbele ya bibi? Niseme macho?"

Sikuelewa mara moja. Yeye aliendelea kwa sauti ile ile ya kufafanua matairi. Kwamba jua likishuka, taa za malori zilikuwa zinamwagika kama maziwa kwenye sakafu. Kwamba mstari mweupe aliacha kuuona zamani, akawa anausikia. Matairi mazuri yanasema: hapa ni lami ya zamani, hapa ni daraja, hapa ni kijiwe, hapa ni ukingo, rudi. Alikuwa anachagua matairi kama mtu anavyochagua miwani. Na yale yangu yalinguruma sauti moja tangu Jeddah, yakafunika kila kitu. Pale alipolisimamisha gari kabla ya Riyadh, alisema, alikuwa hajui kama yuko barabarani au mchangani. Alishuka kukanyaga kwa mguu aone.

Nilimuuliza tangu lini.

"Tangu uanze kunisomea."

Nilianza kumsomea mwaka nilioingia. Mtoto wa mwisho alikuwa hajazaliwa. Nikafikiria safari zote zile, watoto wote wale wamelala nyuma na midomo wazi, madam ameegemea dirisha, na mbele yao mzee amepandisha vioo, anasikiliza. Nilitaka kumkasirikia. Nilitaka pia kumshika mkono. Nikamuuliza tu, "Na watoto, mzee?"

"Kila safari nilisema hii ndiyo ya mwisho," alisema. "Nikishuka salama, nasema basi bado. Mtu akikaa kwenye kiti kile ni dereva. Akishuka ni nani? Umeniona nikimwagilia mitende." Akajifuta vidole kwenye suruali. "Siku ile nilipata sababu ambayo si aibu. Mtu akikataa gari kwa sababu ya matairi, bado ni dereva. Ulinipa sababu, Askari. Usiniombe radhi."

Nilipoinuka alisimama nami kunisindikiza mpaka kona, kwa adabu ya kwao. Kwenye kivuko cha barabara alinishika mkono wa shati, kidogo tu, kwa vidole viwili, kama mtu anayepima kitambaa. Tulivuka hivyo. Upande wa pili nikaona sasa itabidi nimrudishe, nikamrudisha. Akafika kwenye ngazi akanisindikiza tena. Tungecheza mchezo huo mpaka magharibi kama wenzake wasingetoka kumchukua.

Nilimrudishia dada wa Kisauni chombo chake juu ya ukuta, nikamsimulia yote, na nikamaliza kwa kumwambia kwamba tangu Kandara nafikiria mambo mawili: kama matairi yangu yalimwangusha mzee au yaliwaokoa wale watoto, na kwamba sijui nilale na lipi. Nilitaka, nakiri, kupewa pole. Alikifunua chombo akaangalia kama nimekiosha. Kisha akasema:

"Yaache hayo matairi. Mimi wa ng'ambo ya ukuta nilijua tangu siku ya buibui. Wewe umelala naye chumba kimoja miaka yote hiyo hukuona kuwa haoni, na kazi uliyoandikiwa kwenye ikama ni ulinzi."